Pindo la Vidole Vinne

Januari mji mzima huja kwangu kupimwa.
Kiuno, bega, urefu hadi chini ya goti.
Naandika kwa chaki mezani, nafuta kwa kiganja,
na mlangoni wamesimama wengine watatu,
mama zao wakinitazama
kana kwamba ni mimi niliyepanga shule zifunguliwe Jumatatu.

Njoo kesho, nawaambia.
Fundi hana neno jingine.

Hapa Majengo, nyuma ya wauza magunia,
cherehani haijapoa tangu Krismasi.
Bluu iliyokolea, maruni, kijani cha jani la mzabibu.
Watoto wa Dodoma nawajua kwa inchi:
yule wa Kizota, kiuno ishirini na mbili;
wale pacha wa Nkuhungu, mmoja bega la kushoto limeshuka.
Wangu sijawapima.

Simu inatetemeka kando ya pasi.
Kundi la wazazi. Mwalimu Chilewa anakumbusha
rimu ya karatasi, fagio, mchango wa uji,
na kwamba la saba wataingia saa kumi na mbili alfajiri.
Nasoma mguu ukiwa juu ya pedeli,
najibu "Sawa mwalimu" kwa kidole chenye subana,
herufi zinatoka mbili mbili.

Chini ya meza, juu ya vipande vya tetroni,
Ndahani anauliza: Baba, nusu ya robo ni ngapi?
Nachukua kitambaa cha mteja, nakikunja mara moja,
mara mbili, mara tatu. Haya, hesabu vyumba.
Anahesabu nane, anacheka.
Kesho yake mwenye kitambaa anauliza mikunjo hii ni ya nini.
Nusu ya robo, mama. Sikumwambia. Nikapiga pasi.

Mama yao yuko Kibaigwa, kwenye mahindi,
hurudi Jumamosi na vumbi la pumba kwenye nyusi.
Siku nyingine ni mimi na mlenda,
mimi na ndoo za maji ya mgao,
mimi na soksi moja isiyo na mwenzake.
Watu huniuliza nawezaje.
Kuna usiku, wote wamelala,
nachomoa uzi, nakanyaga pedeli hivyo hivyo,
sindano inatoboa kitambaa bila kushika chochote,
hadi moyo upunguze mwendo.

Sechelela yuko la saba na sketi ya la tatu.
Kiunoni nilitia lastiki. Chini niliacha pindo la vidole vinne,
maana fundi mwenye akili hukatia mwili ambao haujafika.
Kila Januari nafumua kidole kimoja
na mstari unabaki, bluu mbichi chini ya bluu iliyopauka,
kama alama za maji kwenye pipa.
Akitembea mbele yangu nasoma:
hapa tulihama Chamwino.
Hapa Ndahani alilazwa, baiskeli ikauzwa.
Hapa alinyamaza muhula mzima na sikujua kwa nini,
nilikuwa na oda.

Jumapili, saa sita usiku, ndipo nikaikumbuka.
Nikaiteremsha kwenye msumari,
nikatafuta wembe, nikageuza pindo
nifumue kidole cha mwisho.

Hakikuwapo.
Pindo limefumuliwa zamani, likashonwa upya kwa mkono,
uzi mweusi kwenye bluu, mishono mirefu, mifupi,
inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi.
Pembeni, tone la damu lililokauka.

Aliniomba lini?
Labda aliniomba. Labda nilisema njoo kesho.

Mimi hulipwa kufumua kazi mbaya za mafundi wengine.
Nilishika wembe muda mrefu.
Kisha nikatia mkaa kwenye pasi,
nikaupita ule mshono kwa ncha, taratibu,
nikaitundika sketi palepale.

Alfajiri, kabla mteja hajabisha,
nikamwambia: simama wima, mwanangu.
Vua viatu.
Ishirini na sita, nikasema,
nikaiandika ukutani.